Moyo wa Mama Aliyekoma Hedhi

Katika Mikoa ya Mbeya na Iringa, kama ilivyo kwingineko nchini, mama mwenye mimba hupimwa. Huingia kliniki, hupanda mizani, hufungwa kitambaa cha kupimia presha mkononi, na kila kipimo huandikwa katika kadi yake. Hufanyiwa hivyo kwa mimba ya kwanza, na ya pili, na ya tano. Lakini siku mwanawe wa mwisho anapomaliza chanjo, kadi hutiwa sandukuni, na mama huyo hutoka katika hesabu. Aghalabu hapimwi tena mpaka augue. Na ni katika miaka hiyohiyo, hedhi inapokoma, ndipo moyo wake na mishipa yake ya damu inapoanza kuhitaji kuangaliwa kuliko wakati wowote uliopita.

Jambo hili tumeona tulizungumze leo mbele ya akina mama wenyewe, waume zao na watoto wao, na hasa mbele ya maofisa wa Serikali wenye dhamana ya afya. Tunalizungumza pia kwa sababu ipo dawa ambayo kwa muda mrefu ilisifiwa duniani kuwa ni ngao ya moyo wa mama wa umri huo. Dawa hiyo ilipowekwa katika mizani ya haki, ilionekana si ngao. Kisa chake kina funzo kubwa kwa nchi kama yetu, ambayo haina fedha za kutupa katika matumaini yasiyopimwa.

Mwili unapobadilika

Tangu mwanamke avunjapo ungo, vifuko vyake vya mayai hutoa homoni iitwayo estrojeni. Homoni hii ndiyo moja ya zile ziongozazo hedhi na uzazi, lakini kazi yake haiishii hapo. Husaidia mishipa ya damu ibaki laini na yenye kunyumbuka, na husaidia kuzuia mafuta mabaya yasizidi katika damu. Wanawake wengi hukoma hedhi baina ya umri wa miaka 45 na 55, na wakati huo estrojeni hupungua sana.

Dalili za mabadiliko haya zinajulikana: joto la ghafla lipandalo kifuani na usoni, jasho la usiku, usingizi wa kukatikakatika, na moyo kwenda mbio. Katika baridi ya Mafinga au ya safu za Uporoto, mama anayetupa blanketi usiku wa manane mwezi wa Juni huwashangaza waliolala naye. Si ajabu hali hiyo ikadhaniwa kuwa malaria, na mama akameza dawa isiyomhusu.

Hizo ni dalili zinazosikika. Yapo mabadiliko mengine ambayo hayapigi hodi. Mafuta mabaya hupanda katika damu. Mishipa hukakamaa. Presha ya mwanamke, ambayo katika ujana wake kwa kawaida huwa chini kuliko ya mwanamume wa rika lake, huanza kuifikia ya mwanamume, na uzeeni mara nyingi huipita. Presha haiumi wala haitoi jasho. Mtu aweza kuibeba miaka kumi akilima, akichuma chai, akiuza ndizi sokoni, hata siku moja mkono mmoja ukakataa kuinuka na ulimi ukawa mzito. Hapo jamaa hutafuta mchawi, kumbe mchawi alikuwa katika mishipa miaka yote hiyo.

Kidonge kilichosifiwa

Madaktari wa nchi zilizoendelea waliona tangu zamani kwamba mwanamke kijana hapatwi na shambulio la moyo kwa wingi kama mwanamume wa umri wake, na kwamba tofauti hiyo hupungua hedhi ikishakoma. Wakafikiri hivi: kama estrojeni ndiyo iliyokuwa ikimlinda, basi na arudishiwe kwa kidonge. Kidonge chenyewe kilikuwapo. Tangu mwaka 1942 dawa iitwayo Premarin ilikuwa ikiuzwa Marekani kwa ajili ya kutuliza joto la ghafla, nayo ilitengenezwa kutokana na mkojo wa farasi jike wenye mimba. Mwaka 1966 daktari mmoja wa New York, Robert Wilson, alitoa kitabu kiitwacho Feminine Forever, akidai kwamba kukoma hedhi ni ugonjwa wa upungufu, na kwamba tiba yake ni homoni. Kitabu kiliuzwa sana, na dawa nayo ikauzwa sana.

Baadaye zikaja hesabu zilizoonyesha kuunga mkono fikra hiyo. Mwaka 1976 ulianzishwa Marekani uchunguzi wa wauguzi wa kike zaidi ya laki moja, waliokuwa wakijibu maswali ya afya kwa barua. Mwaka 1985 taarifa yao ilisema kwamba waliotumia homoni walipatwa na maradhi ya moyo kwa uchache sana kuliko wasiotumia. Ajabu ni kwamba toleo hilohilo la jarida la madaktari lilibeba taarifa ya pili, iliyotokana na uchunguzi wa mji wa Framingham, nayo ilisema kinyume. Dunia ikashika ile iliyopendeza. Katika miaka ya 1990 mamilioni ya wanawake wa Marekani na Ulaya walikuwa wakimeza homoni, wengi wao wakiamini kwamba wanalinda moyo.

Kosa lilikuwa wapi? Hesabu za wauguzi hazikuwa za uongo. Lakini wanawake waliochagua kutumia homoni hawakuwa sawa na wenzao hata kabla ya kumeza kidonge cha kwanza. Kwa jumla walikuwa na uwezo zaidi, walimwona daktari mara kwa mara, na walijitunza zaidi. Ni kama mtu apite katika mitaa ya Mbeya mjini, ahesabu akina mama wanaovaa miwani ya kusomea, akute kwamba wana elimu kuliko wenzao, kisha atangaze kwamba miwani huleta elimu. Miwani haikumsomesha mtu. Vivyo hivyo, yamkini kidonge kilikuwa kikipewa sifa ya mambo mengine yaliyofuatana nacho.

Mizani ya haki

Njia ya kuondoa shaka ya namna hiyo ni kura. Wanawake wa hali moja hugawanywa kwa bahati nasibu. Nusu hupewa dawa, na nusu hupewa kidonge kinachofanana nayo lakini kisicho na dawa ndani. Mtumiaji hajui anameza kipi, wala daktari wake hajui. Baada ya miaka kadhaa, hesabu hufunguliwa.

Mwaka 1998 ilitolewa taarifa ya majaribio ya namna hiyo kwa wanawake 2,763 waliokuwa tayari na maradhi ya mishipa ya moyo. Kwa jumla homoni hazikuwapunguzia shambulio la moyo, na katika mwaka wa kwanza waliozitumia walipatwa na mashambulio zaidi kuliko wenzao. Wengi walishtuka, lakini ikasemwa kwamba hao walikuwa wagonjwa tayari, na kwamba wazima watafaidika.

Jibu la wazima lilikuja Julai 2002. Taasisi za Taifa za Afya za Marekani zilikuwa zimeanzisha mwaka 1991, chini ya mkurugenzi wao Bernadine Healy, uchunguzi mkubwa wa afya ya wanawake wa umri wa miaka 50 hadi 79. Katika sehemu moja ya uchunguzi huo, wanawake 16,608 waligawanywa kwa kura, wengine wakipewa estrojeni pamoja na projestini, wengine kidonge kitupu. Majaribio yalipangwa kuendelea zaidi ya miaka 8, lakini yalisimamishwa baada ya miaka 5 na kidogo, kwa kuwa madhara yalizidi manufaa. Katika kila wanawake 10,000 waliotumia homoni hizo kwa mwaka mmoja, waliongezeka 7 wenye shambulio la moyo, 8 wenye kiharusi, 8 wenye damu iliyoganda mapafuni, na 8 wenye saratani ya matiti. Kwa upande wa manufaa, walipungua 6 wenye saratani ya utumbo mpana na 5 waliovunjika nyonga. Mwaka 2004 ilisimamishwa pia sehemu ya pili, ya wanawake 10,739 waliokwisha kutolewa mji wa mimba na waliopewa estrojeni peke yake. Hao hawakupata nafuu ya moyo, na kiharusi kiliongezeka.

Haki inataka tuseme yote. Saba katika elfu kumi si idadi kubwa kwa mama mmoja mmoja, ingawa ni kubwa kwa taifa. Tena wastani wa umri wa wanawake wa mwaka 2002 ulikuwa miaka 63, yaani wengi walikuwa wamekoma hedhi zamani. Utafiti uliofuata umeonyesha kwamba wakati wa kuanza una maana yake. Mwaka 2016 ilitolewa taarifa ya wanawake 643, ambayo ilionyesha kwamba waliopewa homoni kabla ya kupita miaka 6 tangu kukoma hedhi, mishipa yao ya shingo iliongezeka unene polepole kuliko ya wenzao waliomeza kidonge kitupu. Walioanza baada ya miaka 10 hawakupata faida hiyo. Lakini mshipa kuwa mwembamba katika picha si sawa na kuthibitisha kwamba moyo umeokoka, na mwaka 2022 jopo la wataalamu wa kinga nchini Marekani lilirudia ushauri wake kwamba homoni zisitumiwe kwa shabaha ya kuzuia maradhi ya kudumu kwa wanawake waliokoma hedhi.

Basi msimamo wa leo waweza kuelezwa kwa maneno machache. Mama mwenye joto la ghafla linalomkosesha usingizi na kazi, ambaye hajafika miaka 60 na hana saratani ya matiti, wala kiharusi, wala maradhi ya moyo, wala historia ya damu kuganda, aweza kuzungumza na daktari juu ya homoni, na huenda zikamfaa. Mama aliyekoma hedhi mapema mno, au aliyeondolewa vifuko vya mayai kwa upasuaji angali kijana, ana sababu kubwa zaidi ya kumwona daktari. Lakini asiwepo mtu wa kumwambia mama yeyote kwamba anunue homoni ili kulinda moyo. Wala asiwepo wa kuazima vidonge vya uzazi wa mpango vya binti yake kwa shabaha hiyo, maana baadhi ya vidonge hivyo vyaweza kupandisha presha na kuongeza hatari ya damu kuganda.

Ya Nyanda za Juu Kusini

Msomaji atauliza, mambo ya wauguzi wa Marekani yanamhusu nini mama wa Ismani au wa Tukuyu, ambaye pengine hajapata kukiona kidonge cha homoni? Yanamhusu kwa njia mbili.

Kwanza, kama kidonge si ngao, basi ngao ni yale mambo ya kawaida yanayopatikana hapahapa: kupima presha na kuitibu, kupunguza chumvi na mafuta, kutovuta tumbaku, kuwa na kiasi katika pombe, iwe ya dukani au ulanzi wa msimu wa mvua, na kuendelea kuushughulisha mwili hata baada ya kuacha jembe na kuhamia mjini. Kwa nyanda za baridi tuongeze moshi. Jiko la kuni ndani ya nyumba iliyofungwa madirisha kwa sababu ya baridi hudhuru mapafu na moyo pia, na anayeketi karibu nalo zaidi ni mama. Hakuna hata moja katika hayo linalongoja meli kutoka ng'ambo.

Pili, wanawake waliopimwa kule hawakuwa sisi. Wamarekani weusi katika majaribio ya mwaka 2002 hawakufika mmoja katika kila kumi. Mama wa Marekani hakubeba kuni wala kuzaa mara saba. Na kuna jambo moja hasa linalowatofautisha akina mama wa mikoa hii. Uchunguzi wa taifa wa mwaka 2016 na 2017 ulikuta virusi vya UKIMWI kwa watu wazima 11.3 katika kila mia mkoani Iringa, 11.4 mkoani Njombe uliomegwa kutoka Iringa mwaka 2012, na 9.3 mkoani Mbeya, hali wastani wa taifa ulikuwa karibu 5. Dawa za kufubaza virusi zimewaokoa wengi, na hilo ni jambo la kumshukuru Mungu. Matokeo yake ni kwamba wanawake ambao zamani wangalifariki wakiwa vijana sasa wanafika umri wa kukoma hedhi. Imejulikana kwamba anayeishi na virusi hivyo, hata akiwa katika dawa, ana uwezekano zaidi wa kupata maradhi ya moyo. Kwa hiyo mizigo miwili hukutana katika kifua kimoja.

Uwezo wa kuchunguza jambo hili tunao nyumbani. Mjini Mbeya kipo kituo cha Taasisi ya Taifa ya Utafiti wa Magonjwa ya Binadamu, taasisi iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 1979. Tangu mwaka 2000 kwa miaka ipatayo minne, watafiti mkoani humo waliwafuata wanawake 600 waliokuwa wakifanya kazi katika baa za kando ya barabara kuu iendayo Zambia, wakiwapima kila baada ya miezi mitatu, ili kujua jinsi virusi vya UKIMWI vinavyoenea. Wanawake wale walikuwa vijana, na walitoa damu yao na muda wao kwa ajili ya elimu ambayo dunia nzima imefaidika nayo. Walio hai leo, wengi wao wamefika umri wa kukoma hedhi au wanaukaribia. Je, si haki kwamba taifa lililojifunza kutoka kwao walipokuwa vijana liwaulize sasa habari za mioyo yao?

Wajibu wa Serikali

Yako mambo ambayo maofisa wa afya wa mikoa na wilaya waweza kuyafanya bila kungoja bajeti kubwa.

La kwanza ni kumpima bibi aliyemleta mjukuu. Katika zahanati zetu si mama mzazi peke yake anayeleta mtoto kupimwa uzito. Mara nyingi ni nyanya yake. Huketi benchi saa mbili, huangalia mtoto akipimwa, huondoka. Kipimo cha presha kipo chumba cha pili. Dakika tano zatosha kumpima na kumwandikia.

La pili ni kliniki za wanaoishi na virusi vya UKIMWI. Huko mama huja kwa tarehe, ana faili, na anajulikana kwa jina. Hao ndio wanawake wa umri huo wasiopotea katika hesabu. Kipimo cha presha kwa kila anayefika miaka 40 kiwe sharti, na tiba ya presha itolewe mlango huohuo, asiambiwe arudi siku nyingine kwa foleni nyingine.

La tatu ni dawa. Hakuna faida ya kumwambia mama wa Kilolo kwamba presha yake iko juu kisha akakuta rafu tupu. Dawa za presha ni za kumezwa kila siku, si za kumezwa kichwa kinapouma. Zikikatika mwezi mmoja, kazi ya mwaka huharibika.

La nne ni msamaha wa malipo. Kwa miaka mingi mwongozo wetu umemtaja mama mjamzito, mtoto wa chini ya miaka 5, na mzee asiye na uwezo aliyefika miaka 60. Mwongozo huo ni wa utu na tunausifu. Lakini tazama alipo mama wa miaka 52: uzazi umempita, uzee wa kiserikali haujamfika, na hiyo ndiyo miaka ambayo mishipa yake inabadilika. Hata pale msamaha unapotaja maradhi ya kudumu, humfaa yule aliyekwisha kujulikana kuwa anaumwa. Asiyepimwa hajulikani.

La tano ni hesabu zenyewe. Uchunguzi wa taifa wa mwaka 2012 juu ya maradhi yasiyoambukiza ulikuta presha ya juu kwa kiasi cha mtu mzima mmoja katika kila wanne. Ule wa Zanzibar wa mwaka 2011 ulikuta kiasi cha mmoja katika kila watatu. Ndugu zetu wa Unguja na Pemba, basi, wasisome makala haya kama habari za milimani. Huko kwao moto umeshika zaidi. Lakini chunguzi zote mbili ziliwachukua watu wa miaka 25 hadi 64 tu. Mama wa miaka 65 hakuulizwa, hali yeye ndiye aliye karibu zaidi na kiharusi. Mpango usiomhesabu mtu hauwezi kumhudumia.

Kwa akina mama wenyewe tuna neno moja. Msiogope kukoma hedhi, kwani si ugonjwa wala si laana. Wala msitafute kidonge cha kuurudisha ujana. Nendeni mkapimwe presha, na mkiambiwa iko juu, mezeni dawa hata siku mnapojisikia wazima. Usipoziba ufa utajenga ukuta, walisema wahenga, na ufa wa presha huzibwa kwa gharama ndogo sana ukilinganisha na miaka ya kumlisha na kumgeuza mgonjwa wa kiharusi kitandani.

Kwa Serikali twasema hivi: mama huyu alihesabiwa kila alipoleta mtoto duniani. Sasa amemaliza kuzaa, lakini bado analima, bado anauza, bado analea wajukuu ambao wengi wao ni yatima. Afunguliwe kadi nyingine.